Kihisi kikubwa au kidogo: namna ya kulinganisha Sony a6400 na Sony A7 III kwa kazi ya foto Lubumbashi

Ukiingia duka la kamera katikati ya Lubumbashi ukauliza kwa nini Sony A7 III ni ghali kuliko Sony a6400, utajibiwa haraka: "Yaya, hii ni fremu kamili." Fremu kamili maana yake ni kihisi kikubwa, na kihisi ndicho kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Jibu ni la kweli, ila halikusaidii kuamua. Muuzaji hajakuuliza unapiga nini: harusi za usiku Katuba, foto za mahafali, mechi za Mazembe kule Kamalondo, au video za kwaya Jumapili. Ukubwa wa kihisi una uzito tofauti katika kila kazi kati ya hizo, na zipo ambazo hauna uzito wowote.

Nimezichagua kamera hizi mbili kwa sababu zinafanana mahali pengi, ila vihisi vyao vinatofautiana sana. Zote ni Sony zisizo na kioo cha ndani, zote zinapokea lenzi za mlango wa E, zote zina megapikseli 24.2. A7 III ilitangazwa Februari 2018 kwa dolari 2,000 bila lenzi; a6400 ilifuata Januari 2019 kwa dolari 900. Tofauti ya bei ni kubwa kuliko bei ya a6400 yenyewe, kwa hiyo inafaa kutumia mchana mmoja na usiku mmoja kujua unalipia nini.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja: bodi, yaani kamera bila lenzi, haipigi foto peke yake. Anayelinganisha bodi kwa bodi atafika kwenye jibu la muuzaji. Linganisha bodi na lenzi yake, kwa kazi ile ile, kwa jumla ya fedha ulizonazo.

Hatua ya 1: Ijue stopu moja na robo

Kihisi cha A7 III kina upana wa milimita 35.6 na kimo cha milimita 23.8. Cha a6400, kinachoitwa APS-C, ni 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha, eneo la kwanza ni karibu milimita za mraba 847 na la pili karibu 367. Kihisi kikubwa ni mara 2.3 ya kile kidogo. Kwa kitundu cha lenzi kile kile na kasi ile ile, A7 III inakusanya mwanga mara 2.3 zaidi. Stopu moja ni mwanga mara mbili, kwa hiyo hii ni stopu moja na robo hivi. Katika giza, ISO (kiwango cha kukuza mwanga) 3200 ya a6400 itakuwa na chenga, zile punje punje za foto, karibu sawa na ISO 6400 au 7000 ya A7 III.

Hiyo ndiyo faida ya kihisi, na si ndogo. Lakini mtu anayekwambia fremu kamili "inaona gizani kama mchana" anauza kitu.

Hesabu ya pili ni ya lenzi. Kwenye a6400, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5 ili kujua inaona kama lenzi gani kwenye fremu kamili. Zidisha pia namba ya f (kipimo cha kitundu cha lenzi: namba ikiwa ndogo, kitundu ni kikubwa) kwa 1.5 ili kujua itafifisha nyuma kiasi gani. Lenzi ya 56 mm f/1.4 inakuwa kama 84 mm f/2.1. Angalia vizuri hapa: kwa mwanga wa kupima foto, f/1.4 inabaki f/1.4. Kinachobadilika ni ukungu wa nyuma, na jumla ya mwanga unaoangukia kihisi kizima.

Hatua ya 2: Panga jozi za haki

Usikubali kulinganisha a6400 yenye lenzi iliyokuja kwenye boksi na A7 III yenye lenzi ya maana. Duka likifanya hivyo mbele yako, jaribio limekwisha kabla halijaanza.

Kwa foto za watu, weka Sigma 56 mm f/1.4 DC DN kwenye a6400 na Sony FE 85 mm f/1.8 kwenye A7 III. Zinaona upana uleule. Kwa kazi ya kuzunguka ukumbini, weka Sigma 18-50 mm f/2.8 dhidi ya Tamron 28-75 mm f/2.8. Ukipima uzani wa jozi hii ya pili utaanza kuelewa mambo ya saa saba usiku: a6400 ni gramu 403 na Sigma yake gramu 290, jumla 693. A7 III ni gramu 650 na Tamron 550 (ile ya toleo la kwanza), jumla 1,200. Karibu nusu kilo ya ziada inaning'inia shingoni tangu kanisani mpaka keki.

Sasa tazama kinachotokea kwa mtu aliyemaliza fedha zake zote kwenye A7 III, akabaki na lenzi ya boksi, 28-70 mm, ambayo ikivutwa mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Kutoka f/1.4 hadi f/5.6 ni stopu nne, yaani mwanga mara 16. Gawanya kwa faida ya kihisi, 2.3. Mwenye a6400 na Sigma ya 56 anabaki na mwanga karibu mara 7 zaidi. Kamera ya bei ndogo imeishinda ya bei kubwa, na mteja atakayelipa haoni jina lililoandikwa kwenye bodi. Wapigapicha wengi wa mjini hapa wamekaa kwenye shimo hilo, na wanalalamikia kihisi.

Geuza sasa. Ukiweka 85 mm f/1.8 kwenye A7 III, pengo kati yake na a6400 yenye 56 mm f/1.4 ni chini ya nusu stopu. Ipo, lakini itafute kwa kuvuta picha kwenye kompyuta.

Hatua ya 3: Weka kamera zote sawa

Piga RAW (faili ghafi ya kihisi, ya kurekebisha kwenye kompyuta) na JPG pamoja. Weka rangi ya mwanga kwa namba moja kwenye zote mbili, tuseme 5000K, usiiache ijichagulie. Punguza kwenye menyu ile kazi ya kusafisha chenga, kwa sababu inalainisha ngozi na kukuficha ukweli. Tumia shata ya kawaida, si ile ya kimya. Chukua stendi, na mtu mmoja mvumilivu wa kukaa mbele ya lenzi. Ndugu ni bora kuliko mteja.

Hatua ya 4: Mchana, nje

Hapa sitakupotezea muda. Kwa ISO 100 kwenye jua la Lubumbashi, foto mbili za megapikseli 24 zikikaa kando kwa kando, mteja hatazitofautisha. Piga kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo kwa f/8, au bomba kubwa la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima mweusi ulio kando yake ukiwa mbali, na uone mwenyewe. Zote zinatoa foto ya pikseli 6000 kwa 4000, inayosafishwa kwa upana wa sentimita 50 bila kuonyesha udhaifu. Kama kazi yako ni pasipoti, shule, mahafali ya mchana na bidhaa za dukani, soma hatua zilizobaki kwa kujifurahisha, kisha ununue a6400 na taa nzuri.

(Usielekeze lenzi kwa askari, kambi, ofisi za serikali au mpaka. Huko Kasumbalesa hakuna atakayekuuliza ukubwa wa kihisi.)

Hatua ya 5: Ngozi nyeusi, gauni jeupe

Hili ndilo jaribio la kweli la mchana, na vitabu vingi vya foto vinalipita kwa sababu viliandikwa kwa ngozi nyingine.

Mweke mtu wako mbele ya ukuta mweupe, saa sita. Mwishoni mwa Oktoba jua linasimama utosini hapa kwetu, na macho yanageuka mashimo. Mpe shati jeupe au kitambaa cheupe kama gauni la bibi arusi. Washa Zebra kwenye menyu, ile mistari inayoonyesha mahali mwanga umezidi, na uiweke 100+, kisha punguza mwanga mpaka mistari ipotee kwenye kitambaa. Uso sasa utaonekana mweusi mno kwenye skrini. Uache hivyo.

Rudi kwenye kompyuta, fungua RAW za kamera zote mbili, na inua sehemu za giza kwa stopu mbili, halafu tatu. Tazama shavu, chini ya kidevu, na mahali nywele zinapokutana na paji la uso. Kwenye stopu mbili zote zinasimama vizuri. Kwenye tatu a6400 inaanza kuonyesha chenga za rangi, hasa zambarau na kijani kwenye kivuli, wakati A7 III bado inakupa ngozi yenye rangi yake. Kwa mtu anayepiga bibi arusi mwenye ngozi ya kahawa iliyokolea ndani ya gauni jeupe kila Jumamosi, hapa ndipo fremu kamili inapoanza kurudisha fedha yake.

Dokezo la A7 III: kuanzia ISO 640 kihisi chake kinabadili namna ya kukuza ishara, na vivuli vinakuwa safi kuliko ISO 500. Ukijikuta kwenye 400 au 500 kivulini, panda moja kwa moja hadi 640.

Ukipiga JPG tu na kuikabidhi usiku uleule kwa simu, sehemu kubwa ya faida hii inapotea. Hakuna aibu, wateja wanataka foto zao za WhatsApp haraka. Ila usilipe dolari elfu kwa uwezo wa RAW usiyoifungua.

Hatua ya 6: Ukumbi, usiku

Omba kuingia kwenye ukumbi wa sherehe kabla wageni hawajaja, au nenda kama msaidizi wa mpigapicha mwenzako. Utakuta vitambaa juu ya dari, taa za LED za buluu na zambarau, na balbu chache za manjano juu ya meza ya maarusi.

Anza na jozi ya watu. Kwenye a6400 weka f/1.4, kasi ya sekunde 1/100, ISO 1600. Kwenye A7 III weka f/1.8, 1/100, ISO 2500. Foto zitatoka na mwanga sawa. Kisha rudia kwa jozi ya pili, f/2.8 zote mbili, ISO 3200 na 6400 kila moja. Katika jozi ya kwanza utahangaika kuona tofauti. Katika ya pili stopu moja na robo itajitokeza wazi kwenye suti nyeusi za wazee na kwenye nywele. Hapo umeshika ukweli wote wa ulinganisho huu kwa mkono: kwenye lenzi moja isiyobadilika urefu, kihisi kidogo kina dawa ya f/1.4, kwenye lenzi ya kuvuta, dawa ya kawaida ni f/2.8 kwa wote wawili, na kikubwa kinashinda.

Kwa nini 1/100? Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/100 au 1/50 inameza mapigo mazima, na mistari ya giza haitokei. Umeme wa SNEL ukikatika na jenereta ikaingia, mambo hubadilika: injini ikichoka mzunguko unayumba, na mistari inaweza kurudi hata kwenye 1/100. Kwenye shata ya kimya inakuwa mibaya zaidi, kwa kamera zote mbili. Kwa hiyo, ukisikia jenereta, piga foto moja ya ukuta uitazame kabla ya kuendelea.

Taa za buluu ni ugonjwa mwingine. Zinajaza rangi moja tu, uso unabaki kama barakoa ya plastiki, na kihisi kikubwa hakikuokoi. Punguza mwanga kidogo, au muombe mtu wa taa akupe nyeupe wakati wa pete na keki. Mfuate mapema na soda mkononi, atakusikia.

Ukitumia flashi, pengo la vihisi linapungua tena, kwa sababu unaleta mwanga wako mwenyewe. Hapo A7 III ina faida ndogo ya aina nyingine: inakwenda na flashi hadi 1/250, wakati a6400 inaishia 1/160. Wachezaji wa rumba hawakimbii, lakini wajomba wakianza kurusha miguu utaihitaji.

A7 III ina pia kituliza mtikisiko ndani ya bodi, a6400 haina. Watu wanakipa kifaa hiki sifa zisizo zake. Kinatuliza mikono yako wakati unapiga ukumbi mtupu, pambo la meza au pete, hakimtulizi anayecheza. Kwa watu wanaosogea utahitaji 1/160 au 1/200 kwenye kamera yoyote ile.

Hatua ya 7: Jicho linalokimbia

Mwambie mtu wako atembee kuelekea kwako, ageuke, apite nyuma ya mtu mwingine, arudi. Hapa, kwa mshangao wa wengi, kamera ndogo inaweza kumshinda kaka yake. a6400 ni mpya kwa karibu mwaka mmoja, na ufuatiliaji wake unamshika mtu kwa rangi, umbo na jicho kwa pamoja. Akigeuka mgongo inamfuata kichwani, akirudi inadaka jicho. A7 III ilipata ufuatiliaji mpya wa jicho kupitia toleo la 3.0 la programu yake, Aprili 2019, lakini ule mfumo kamili wa kumfuata mtu haukupewa. Ukipewa A7 III iliyotumika, angalia toleo la programu kwenye menyu kabla ya kuihukumu.

Kwa mechi, jaribu pia lenzi ndefu. Lenzi ya 200 mm kwenye a6400 inaona kama 300 mm, na foto inabaki na megapikseli 24. Ukikata foto ya A7 III ili mchezaji awe na ukubwa uleule, unabaki na kama megapikseli 10. Mchana uwanjani Kamalondo, nachagua ndogo bila kusitasita, hasa na Sony 70-350 mm ya gramu 625. Usiku lenzi hiyo, yenye f/6.3 mwishoni, inaishiwa pumzi.

Hatua ya 8: Kadi, betri, vumbi

A7 III ina nafasi mbili za kadi, na inaweza kuandika kila foto mara mbili. a6400 ina moja. Kwangu hii ni sababu nzito kuliko kihisi kwa mtu anayelipwa kupiga harusi. Kadi hufa bila taarifa, na familia haitarudia mahari kwa ajili yako.

Betri: kwa vipimo vya Sony, A7 III inatoa foto 610 ukitumia kitazamio na 710 ukitumia skrini, a6400 inatoa 360 na 410. Kwenye mji ambapo umeme unaweza kukatika tangu asubuhi, hesabu betri tatu au nne za a6400 pale ambapo ungehitaji mbili za A7 III, na uziweke kwenye bei. Zote zinachajiwa kwa USB kutoka pawabenki, ila a6400 inatumia ule mlango mdogo wa zamani, kwa hiyo beba waya wake.

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali. Hakuna kati ya hizi inayofunga shata unapozima, kwa hiyo kihisi kinabaki wazi ukitoa lenzi. Zima kamera, ielekeze chini, badilisha ndani ya gari. Mpiga harusi anayebadilisha lenzi mara chache anakwepa nusu ya tatizo, na hapo lenzi ya kuvuta ya f/2.8 inajitetea tena.

Kwa video nitasema machache. Zote zinaishia 4K ya picha 30 kwa sekunde. A7 III ina tundu la kusikilizia sauti kwa hedifoni, a6400 haina. A7 III inakata kurekodi karibu dakika 29, a6400 inaendelea, jambo jema kwa mahubiri marefu. Skrini ya a6400 inageuka juu ikuonyeshe mwenyewe, lakini ukiweka maikrofoni juu ya kamera inaifunika.

Hatua ya 9: Soma matokeo kwa ukubwa wa mteja

Usihukumu kwa kuvuta foto asilimia 200. Zitazame zote kwenye skrini nzima, kisha safisha mbili za ukumbini kwa ukubwa wa ukurasa wa albamu unayouza. Zifiche majina, umpe mama yako au jirani achague. Akisitasita, tofauti hiyo haina thamani ya dolari elfu kwa kazi yako. Akichagua upesi na kukuonyesha kidole mahali kwenye uso, umepata jibu.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa anayeanza na ana fedha za A7 III na lenzi ya boksi tu: anunue a6400, Sigma 56 au 30 mm f/1.4, flashi, na betri. Kwa anayepiga harusi kila wiki na tayari ana lenzi nzuri, au anaweza kununua A7 III pamoja na Tamron 28-75 kwa pamoja: aende A7 III, kwanza kwa kadi mbili, pili kwa vivuli vya ngozi, tatu kwa chenga. Kwa mtu wa michezo na mitaa: a6400. Na aliye na a6400 anayefikiri kubadilisha: lenzi za Sigma DC, zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo, zitapanda kwenye A7 III lakini zitatumia sehemu ya kati tu ya kihisi, megapikseli 10, kwa hiyo hesabu na lenzi mpya.

Hatua ya 10: Kabla ya kulipa ya mkono wa pili

Nyingi zinaingia kutoka Dubai au Afrika Kusini na hazirudishwi. Funga lenzi hadi f/16, piga anga, tafuta madoa. Madoa yanayotoka kwa pampu ya hewa si tatizo, mikwaruzo ni tatizo. Weka kifuniko cha lenzi, ISO 3200, sekunde moja, uone kama kuna nukta zinazong'aa. Jaribu nafasi zote za kadi, zote mbili kwa A7 III. Fungua na kufunga lenzi, sikiliza kama inacheza. Chomeka waya wa USB uone kama inachaji. Piga foto mfululizo za sekunde chache ukisikiliza shata. Linganisha namba ya bodi na ile ya boksi, kama boksi lipo. Muuzaji akikunyima dakika 15 za kufanya haya, rudisha kamera mezani na uende duka linalofuata.